Pikipiki Inayowaka kwa Shida Asubuhi ya Baridi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni karibu na redio na mfungue madaftari yenu. Mwenye karatasi hii iliyopigwa chapa na aifuate mstari kwa mstari. Atakayekuta neno gumu alipigie mstari, kisha amwulize mwalimu wake baada ya somo.

Somo la leo ni la pikipiki, au honda kama wengi wetu tuiitavyo, hata ikiwa si ya kampuni hiyo. Hapa Jadida, na katika Wete nzima, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayompeleka mchuuzi sokoni, mwalimu skuli, na mgonjwa hospitali usiku wa manane. Kijana wa bodaboda hupata riziki yake kwayo. Basi ikikataa kuwaka alfajiri, kinachopotea si dakika kumi tu. Huenda abiria wa kwanza akapotea, na huenda mgonjwa akachelewa.

Madhumuni ya somo hili ni matatu. Kwanza, tujue kwa nini pikipiki huwaka kwa shida wakati wa baridi. Pili, tujue kuutambua ugonjwa wake kabla ya kununua kitu dukani. Tatu, tujue jinsi daftari na kalamu vinavyoweza kumsaidia mwenye pikipiki.

MANENO YA LEO

Betri: kisanduku kinachoweka akiba ya umeme.
Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.
Stata: mota ndogo inayoizungusha injini tukibonyeza swichi yake.
Plagi: kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini.
Kabureta: kifaa kinachochanganya petroli na hewa.
Choki: kilango kinachopunguza hewa katika kabureta wakati injini ni baridi.

Someni maneno hayo mara mbili kwa sauti. Haya, tuendelee.

BARIDI YETU NI NDOGO

Kila mwaka, kusi inapovuma na kipupwe kuingia, mwezi wa Juni mpaka Agosti, watu husema, "Honda yangu imeshikwa na baridi." Tuulize: baridi hiyo ni kiasi gani? Hapa Pemba, usiku wa kipupwe, hewa hupoa hata kukaribia digrii 20 za sentigredi. Kwetu sisi hiyo ni baridi ya kutafuta shuka. Lakini kwa injini ni hali ya kawaida kabisa. Huko Makete, katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania Bara, asubuhi nyingine za miezi hiyo majani ya Kitulo huwa meupe kwa jalidi, yaani umande ulioganda. Na watu wa huko pia hupanda pikipiki.

Betri za pikipiki nyingi ni za risasi na tindikali. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Umeme wake hutokana na tindikali kufanya kazi juu ya bamba za risasi, na kazi hiyo huenda polepole kukiwa na baridi. Lakini hata kwenye digrii 0, ambapo maji huganda, betri nzima hupungukiwa na kadiri ya sehemu moja tu katika tano ya uwezo wake. Kwenye digrii 20 hupungukiwa na kidogo sana.

Basi lishikeni neno hili, maana ndilo shina la somo: baridi yetu haiitii pikipiki ugonjwa. Baridi huufichua ugonjwa uliokuwamo. Betri iliyochoka huweza kujikongoja mwezi wa Februari, wakati wa joto. Ikifika Julai, kile kidogo kinachopungua ndicho kinachoidhihirisha. Kwa hiyo asiyetibu ugonjwa, akangoja joto lirudi, hajaponya kitu.

SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Pikipiki inayokataa kuwaka huwa na mojawapo ya magonjwa mawili. Yatupasa tuyatenganishe kwanza.

Ugonjwa wa kwanza: ukibonyeza stata, injini huzunguka kwa uvivu, au husikii ila mlio mdogo wa tk, tk, tk. Hapa umeme wa kuzungusha hautoshi.

Ugonjwa wa pili: stata huzungusha injini kwa nguvu kama desturi, lakini injini haishiki moto. Hapa betri haina kosa. Tatizo ni petroli, hewa au cheche.

Mwenye ugonjwa wa pili akinunua betri, amezitupa fedha zake. Mwenye ugonjwa wa kwanza akifungua kabureta, ameipoteza asubuhi yake. Sasa tusome mazungumzo ya dereva na fundi. Wanafunzi wawili wasome kwa zamu.

DEREVA: Shikamoo, fundi.
FUNDI: Marahaba, mwanangu. Mbona umeikokota honda, hukuipanda?
DEREVA: Haiwaki, fundi. Ni baridi hii. Nataka unitilie betri mpya.
FUNDI: Ngoja kidogo. Ukibonyeza stata wasikia nini?
DEREVA: Nasikia tk, tk, tk, kisha kimya.
FUNDI: Na honi yalia?
DEREVA: Yalia, lakini sauti yake imekauka.
FUNDI: Na ukipiga kiki?
DEREVA: Kiki moja tu, inawaka.
FUNDI: Basi petroli yafika, na plagi yatoa cheche. Aliyechoka ni betri, au njia ya umeme wake. Twende tukapime.
DEREVA: Kwani usinitilie mpya tu, fundi, niende zangu kazini?
FUNDI: Na kama mla umeme yumo ndani ya honda yako, mwanangu, si ataila na hiyo mpya?

Angalieni jinsi fundi huyu alivyofanya. Hajashika spana bado. Ameuliza maswali matatu: la stata, la honi na la kiki. Majibu matatu yamemwonyesha njia.

Angalieni pia kwamba aliuliza habari za honi, hakuuliza za taa kubwa. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa haiwaki mpaka injini izunguke, kwa hiyo haiwezi kutuambia habari za betri. Honi na indiketa ndizo mashahidi. Lakini nazo zisikudanganye. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 hutumia umeme wa karibu ampea 3 tu. Stata huweza kutaka makumi ya ampea kwa wakati mmoja. Betri isiyoweza kubeba mzigo wa stata huweza bado kuwasha indiketa vizuri.

UGONJWA WA KWANZA: UMEME HAUTOSHI

Anza na jambo lisilo na gharama: tazama vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa. Sisi wa Pemba twaishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi huleta kutu upesi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au waya uliolegea, umeme unakwama hapo. Zima pikipiki. Fungua kwanza waya wa hasi, ndipo wa chanya. Safisha vichwa kwa brashi na maji ya vuguvugu yaliyotiwa magadi kidogo, wala usiyaache maji hayo yaingie ndani ya betri. Kausha, kaza, na upake grisi kidogo. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, umalize na hasi. Tazama pia waya mwingine wa hasi, ule uendao kwenye chuma cha pikipiki.

Ikiwa betri yako ni ya kuongezwa maji, yatazame maji kama yamefikia alama. Tia maji safi ya betri yauzwayo dukani, si ya kisima wala ya mfereji, kwa kuwa hayo yana madini yanayoharibu bamba. Betri iliyofungwa kabisa isifunguliwe.

Kisha pima kwa mita ya volti. Mafundi wengi wanayo, nayo si kifaa kigumu kukisoma. Andikeni namba hizi katika madaftari:

Betri iliyojaa, iliyopumzika saa kadhaa: karibu volti 12.6 au zaidi.
Betri iliyokaribia kuisha: karibu volti 12.0.
Wakati stata inazungusha: isishuke chini ya kadiri ya volti 10.
Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati: baina ya volti 13.5 na 14.5.

Namba ya mwisho ina maana kubwa. Injini ikizunguka, hutengeneza umeme na kuirudishia betri ile akiba iliyotumika. Ikiwa injini yazunguka na mita bado yaonyesha volti 12 tu, betri hailishwi. Hapo ukinunua betri mpya, nayo itakufa kama ya kwanza. Ikiwa mita yaonyesha zaidi ya volti 15, betri yalishwa kupita kiasi na yachemshwa. Regyuleta, ambayo ndiyo bawabu wa umeme huo, huenda imeharibika. Hali zote mbili ni kazi ya fundi wa umeme.

Tuseme kulisha ni kuzuri, lakini kila asubuhi betri ni dhaifu. Fanya jaribio la usiku mmoja. Jioni, betri ikiwa imejaa na kupumzika, pima na uandike: 12.6. Fungua waya wa hasi, uiache hivyo mpaka asubuhi, kisha upime tena. Ikisoma 12.1, toa hesabu: 12.6 kutoa 12.1 ni 0.5. Nusu volti imepotea na hapakuwa na kitu kilichoitumia. Betri yenyewe ndiyo mbovu, na sasa ununue mpya bila wasiwasi. Lakini ikiwa asubuhi bado ni 12.6, betri ni nzima. Yule aliyekuwa akiila usiku yumo katika pikipiki: pengine king'ora cha kuzuia wezi, pengine chaja ya simu, pengine taa za urembo zilizoungwa bila swichi.

Iko sababu nyingine iwapatayo wengi wa bodaboda. Safari ya kutoka Jadida mpaka soko la Wete ni fupi. Dereva huwasha, huenda kidogo, huzima, hungoja abiria, huwasha tena. Kila kuwasha huchota akiba nyingi, na safari fupi hairudishi yote iliyochotwa. Akiongeza na simu za abiria zinazochajiwa njiani, mwisho wa wiki betri ni tupu ingawa si mbovu. Dawa yake ni kuijaza kwa chaja ya nyumbani mara kwa mara. Umeme wa kuijazia uwe mdogo, kadiri ya sehemu moja katika kumi ya namba ya ampea iliyoandikwa juu yake. Betri ya ampea 5 ijazwe kwa nusu ampea. Njia nyingine ni kutumia kiki kwa mara ya kwanza ya asubuhi, ikiwa pikipiki ina kiki, na kuiachia stata kazi nyepesi za mchana.

UGONJWA WA PILI: INJINI HAISHIKI MOTO

Petroli ikiwa maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa baridi, mvuke huwa haba. Ndiyo sababu kabureta ikapewa choki. Ukiivuta choki, hewa hupungua na petroli huzidi, na mvuke hutosha kushika moto.

Wakati wa kuwasha injini baridi, vuta choki na usiuzungushe mkono wa petroli. Injini ikiwaka, ngoja kadiri ya dakika moja, kisha rudisha choki polepole. Kuiacha imevutwa ni kosa: petroli hupotea, plagi huingia masizi, na oili huoshwa katika kuta za silinda. Pikipiki mpya za kupuliza petroli kwa umeme hazina choki. Hizo hujipimia zenyewe, lakini pampu yao hutegemea betri nzima.

Sasa tutumie choki kama kipimo. Ikiwa injini yawaka kwa choki tu, na hata ikisha kupata joto huzimika ukirudisha choki, basi petroli inayopita ni kidogo. Aghalabu jeti ndogo ya kabureta imeziba, au mpira unaounga kabureta na injini umepasuka na kuingiza hewa. Ikiwa injini yawaka vizuri zaidi bila choki, petroli imezidi. Tazama chujio la hewa kama limejaa vumbi.

Kisha fungua plagi uisome, maana plagi nayo husomeka kama herufi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Weusi wenye mafuta ya kunata ni oili inayoingia mahali pasipo pake. Plagi nyeupe ni petroli kidogo. Plagi iliyolowa petroli yaonyesha kwamba petroli imefika lakini haikuwaka. Ikaushe, uisafishe, na upime mwanya wa ncha zake. Kwa pikipiki nyingi mwanya huo ni baina ya milimita 0.6 na 0.8, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu.

Usisahau umande. Pikipiki iliyolala nje usiku wa kipupwe hulowa, na unyevu ukiingia katika kofia ya plagi, cheche huvujia kando. Mara nyingi kitambaa kikavu hutosha kuwa dawa, na turubai la kuifunika usiku ni kinga.

Yatazame pia maji ndani ya petroli, hasa ukinunua ile ya chupa. Legeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, na ukinge petroli kidogo katika chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na mstari wa kuyatenga huonekana.

Yakiisha yote hayo na bado haishiki, piga kiki polepole kwa mguu. Ikiwa kiki ni laini mno, kama haipati kizuizi, mgandamizo wa injini umepungua. Huenda ni vali, huenda ni ringi. Hapo mwachie fundi.

TAHADHARI

Usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na petroli, wala karibu na betri inayojazwa, kwa kuwa betri hiyo hutoa hewa inayolipuka. Tindikali ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali. Usiiache injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Na usishikilie stata zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Ipumzishe, ndipo ujaribu tena.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Wengine huuliza, "Mimi nimejifunza kusoma na kuandika ukubwani. Kutanifaa nini katika kazi yangu?" Hapa pana jibu. Chukua daftari, piga mistari ufanye safu nne: tarehe, saa, jambo lililotokea, kazi iliyofanywa. Kila asubuhi pikipiki inapokataa, andika. Mathalan:

3 Julai. Saa 11.30 alfajiri. Stata nzito, kiki moja ikawaka. Vichwa vya betri vimesafishwa.
4 Julai. Saa 11.30 alfajiri. Stata nyepesi. Hakuna kazi.
7 Julai. Saa 11.45 alfajiri. Stata nzito tena. Betri yasoma 12.1.

Mistari mitatu tu, na tayari kuna habari. Kusafisha kulisaidia, lakini hakukumaliza ugonjwa. Fundi akiisoma, hataanza na kabureta. Mwenye pikipiki asiyeandika husema tu, "Imekuwa ikinisumbua," na fundi hubadilisha kimoja baada ya kingine kwa fedha za mwenye mali.

MASWALI

1. Mwezi wa Julai una baridi kuliko Februari. Kwa nini twasema baridi si ugonjwa wenyewe?
2. Stata yazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki moto. Je, utanunua betri? Eleza.
3. Jioni betri ilisoma 12.7, waya wa hasi ukafunguliwa, na asubuhi ikasoma 12.2. Kiasi gani kimepotea? Nani mwenye kosa, betri au pikipiki?
4. Injini yazunguka na mita yasoma volti 12.0. Kwa nini betri mpya haitakufaa?
5. Plagi yenye masizi meusi makavu yakuambia nini?

KAZI YA NYUMBANI

Mwenye pikipiki aanze daftari lake kesho alfajiri. Asiye na pikipiki amtafute jirani aliye nayo, amwulize yale maswali matatu ya fundi, na aandike majibu kwa herufi safi. Katika somo lijalo mtasomeana mlivyoandika. Hapo patakuwa na majibu ya kufanana na ya kutofautiana, na darasa litaamua kila pikipiki ina ugonjwa gani.

Mpaka siku hiyo, kwaherini.